Ubao Ulioelekea Dirishani

Sogeeni mbele kidogo, wapendwa. Kule nyuma mnabanana, na huku mbele mabenchi yananitazama yakiwa matupu. Haya, hivyo. Leo tutaanza na saruji.

Palikuwa na fundi mmoja huko milimani, kwenye migomba na mvua isiyokwisha, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza misalaba ya makaburi. Alikuwa na kalibu zake za mbao. Anafunga nondo mbili katikati, anamimina saruji, anasawazisha kwa mwiko, halafu anakaa kitako na kusubiri. Ufundi wenyewe ulikuwa katika kusubiri huko, maana ukiandika mapema herufi zinajifunga, na ukichelewa msumari unakwaruza tu. Basi anaigusa saruji kwa kidole cha mwisho, anatikisa kichwa, anarudi kukaa. Anaigusa tena. Akiridhika anachukua msumari wa inchi nne, anapiga goti, na hapo watu wote wanasogea kutazama.

Herufi zake zilikuwa nzuri, jamani. Zimesimama sawasawa, tumbo la B limejaa, mguu wa R umenyooka mpaka chini. Watu walivuka mito miwili wakimletea majina ya marehemu wao. Wakampa na jina la heshima, Mwandishi. Likamkaa mpaka jina lake la ubatizo likabaki kwenye daftari la kanisa tu.

Sasa niwape siri aliyoishi nayo miaka ishirini na sita. Mwandishi hakujua kusoma.

Mnacheka. Ngojeni kwanza, mtacheka baadaye, au mtaona aibu, tutajua tukifika.

Alikuwa ananakili. Shuleni alikaa wiki tatu tu, baba yake akafariki, akarudishwa nyumbani kuchunga. Lakini Mungu alimpa jicho na mkono. Familia ikileta karatasi yenye jina la marehemu, yeye anaiweka juu ya jiwe, anaibana kwa kokoto isipeperuke, anafuata umbo moja baada ya jingine. Herufi zote alizijua kwa sura. Majina yao hakuyajua, wala sauti zao. Alikuwa kama mtu anayesalimiana na soko zima kila Alhamisi bila kumjua hata mmoja anaitwa nani.

Je, alidanganya? Hapana, tusimwonee. Hakuwahi kusema hata siku moja, "Mimi nasoma." Watu ndio waliosema kwa niaba yake, na yeye akanyamaza. Walipotaka kumfanya katibu wa chama cha mazishi, alisema, "Jamani, mikono hii ni ya saruji, kalamu wapeni vijana." Watu wakasema, mwone mtu mnyenyekevu! Alipoombwa asome tangazo kanisani, alijipapasa mfukoni akasema miwani ameisahau nyumbani. Hakuwa na miwani nyumbani, wala mahali pengine popote duniani. Lakini kila alipokwepa, heshima yake ilipanda ngazi moja. Mnaona ilivyo? Kuna watu tumewapandisha juu mpaka hawana pa kushukia.

Ikafika siku kanisa likafungua darasa la watu wazima, Jumatano saa tisa alasiri, kwenye chumba kile cha pembeni ya ukumbi. Ngumbaru, kama tunavyoita kwa mdomo uliopinda kidogo. Mke wa fundi, Mama Lusajo, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Alipita katikati ya kijiji na daftari kwapani, mchana kweupe, hakulifunika hata na khanga.

Jirani mmoja akamwita kutoka uwanjani. "Mama Lusajo! Uzee huu na madaftari?"

"Uzee upi? Mimi nilitolewa darasa la pili nikalee wadogo zangu. Wadogo zangu wenyewe sasa ni mababu. Nimemaliza kulea, narudi shule."

Akapita. Huyo ni mwanamke, ndugu zangu. Wengine mnatafuta moyo wa kusoma kwenye semina, na yeye aliubeba kwapani pamoja na daftari.

Nyumbani akamwambia mumewe, "Baba Lusajo, twende wote."

Fundi akasema macho yanamsumbua. Mkewe akamkumbusha kwamba jana tu aliona sisimizi kwenye kalibu. Akasema mgongo. Akasema mvua. Mwishowe akasema, "Nina kazi, mama. Watu hawaachi kufa kwa sababu ya Jumatano."

Lakini sababu za kweli zilikuwa mbili, na hakuzisema. Ya kwanza ni lile jina. Mtu anayeitwa Mwandishi ataketije kwenye benchi na kuulizwa hii ni herufi gani? Kijiji kizima kitajua siku hiyohiyo, kabla chaki haijafutwa ubaoni. Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Mwalimu wa darasa alikuwa mkamwana wake, mke wa Lusajo, mtoto wake wa kwanza.

Na nyinyi mnajua desturi ya huko milimani. Mkamwana hakutani macho na baba mkwe. Akimwona anakuja njiani, anaingia mgombani, anampa mgongo mpaka apite. Siku hizi wamelegeza, wanasalimiana, lakini kwa ubavu, huyu anatazama kahawa na yule anatazama mlima. Hawaketi chumba kimoja. Hawapokezani kitu mkono kwa mkono. Sasa huyo ndiye asimame mbele yake, yeye ameketi chini, na amwambie, "Wewe, hebu soma"? Fundi alipofikiria hilo tu, alitoka nje kwenda kutazama saruji ambayo ilikuwa imekauka tangu juzi.

Basi angekaa hivyo mpaka afe, na msalaba wake ungeandikwa na mwingine. Lakini likatokea jambo la njiwa.

Familia moja kutoka bondeni ilimletea karatasi ya babu yao. Akainakili vizuri kama kawaida yake, mstari kwa mstari, tena siku hiyo mkono ulikuwa umechangamka. Walipokuja kuuchukua msalaba, mtoto mkubwa wa marehemu aliinama, akasoma, akainuka, akainama tena.

"Fundi," akasema, "njiwa yuko wapi?"

"Njiwa gani?"

"Huyu uliyemwandika. Hapa chini ya jina la baba. Umeandika, 'Fundi usisahau kuchora njiwa.'"

Mkicheka kwa nguvu hivyo hamtasikia yaliyofuata. Fundi aliinama akautazama mstari ule. Kisha akacheka, kicheko kikavu, akasema, "Aah, nilikuwa nawatania tu. Nilitaka nione kama mtakagua kazi. Watu siku hizi hawakagui." Yule mtu naye akacheka, kwa sababu huyu ni Mwandishi, na utani wa Mwandishi hauna budi kuwa na maana. Fundi akafuta ule mstari kwa mwiko na saruji mbichi, akachora njiwa juu yake, mambo yakaisha.

Kwao yaliisha. Kwake ndiyo kwanza yalianza. Maana jioni ile alipokuwa ananawa mikono, swali moja lilimjia likakataa kuondoka. Kama karatasi hii ilikuwa na maneno yasiyo jina, je, nyingine? Na aliposema nyingine, moyo wake haukwenda kwa wateja. Ulikwenda moja kwa moja kwa mama yake.

Mama yake alifariki miaka kumi na moja kabla ya siku hiyo. Wakati ule hakutaka mtu yeyote amwandikie karatasi. Watu wangesemaje? Mwandishi anaandikiwa jina la mama yake mwenyewe? Akafungua sanduku la bati la marehemu, akakuta kadi mbili zinazolingana. Kitu kimoja tu alikuwa na hakika nacho. Kikombe cha bati cha mama yake kilikuwa kimekwaruzwa herufi chini, ile iliyo kama nguzo imebeba boriti, kisipotee kwenye misiba. Herufi ya jina lake. Kadi ya kwanza maandishi yake yalikuwa ya mkono, wino umepauka kama chai ya mara ya tatu. Kadi ya pili ilikuwa na maandishi makubwa meusi, na neno la kwanza lilianza kwa ile nguzo yenye boriti. Akahesabu maneno, matatu. Mama yake alikuwa Tupokigwe binti Mwakitalima, maneno matatu. Atilie shaka nini tena? Mstari mdogo wa chini yake akaudhani ni kijiji alikozaliwa. Akanakili yote, kwa machozi, kwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika.

Na siku ya kuusimika msalaba ule watu walikusanyika, wakautazama, wakatazamana. Kisha mzee mmoja wa kanisa mwenye miwani akasogea, akainamia maandishi, akatikisa kichwa polepole, akasema, "Neno zito." Na wengine wakaitikia, "Zito kweli."

Wakati ule fundi alichukulia kuwa ni heshima ya msibani. Lakini sasa, maji yakimchuruzika viwikoni, alijiuliza. Jina la mtu linakuwaje neno zito?

Hebu jiwekeni mahali pake. Utamwuliza nani? Utamshika mtu mkono, umpeleke makaburini, umwambie, "Samahani, naomba unisomee nilichomwandikia mama yangu"? Wewe Mwandishi? Hakuna mtu chini ya jua aliyeweza kuulizwa swali hilo. Ilibaki njia moja tu, asome mwenyewe.

Mnaona Mungu anavyomshika mtu? Hakumshika kwa cheti, wala kwa ahadi ya kupandishwa cheo. Alimshika kwa mama yake.

Jumatano iliyofuata watu walimwona fundi anahamisha kalibu zake kwa mkokoteni, mchanga na saruji na vyote, anavishusha nyuma ya ukumbi wa kanisa, chini ya dirisha la kile chumba cha pembeni. Akaulizwa kulikoni. Akasema nyumbani kuku wanamkanyagia saruji. Ni kweli kuku walikuwepo, na walikuwa wakikanyaga kwa miaka ishirini na sita bila yeye kuhama.

Akapiga goti chini ya dirisha, kichwa hakionekani, masikio yamesimama. Ndani mkamwana wake anasema, "Ma. Me. Mi." Darasa linaitikia. Lakini ubao ulikuwa umeegemezwa ukuta wa pili, na alipojiinua kidogo aliona migongo ya watu na kipande cha kona tu. Basi akawa na sauti zisizo na sura, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa na sura zisizo na sauti. Alirudi nyumbani amechoka kuliko aliyebeba nondo.

Jumatano ya pili alipoinua kichwa, ubao ulikuwa umegeuzwa.

Umegeuzwa wote na miguu yake, umeburutwa mpaka alama zimebaki sakafuni, unaelekea dirishani. Wanafunzi wamejipinda kwenye mabenchi. Mama mmoja analalamika, "Mwalimu, shingo zitatuvunjika, mbona umeuweka hivi?"

"Mwanga wa huku ni mzuri zaidi," mwalimu akasema. Hakutazama dirishani hata kwa bahati mbaya. Na tangu siku hiyo kila herufi akawa anaisema mara mbili, mara ya pili kwa sauti kubwa. "Narudia kwa walio mbali," anasema. Darasa lilikuwa na watu kumi na mmoja kwenye chumba cha hatua sita kwa tano. Nani alikuwa mbali humo?

Hawakuzungumza, baba mkwe na mkamwana. Hawakutazamana. Desturi haikuvunjwa hata ukucha. Yeye alifundisha ukuta wenye dirisha, na fundi alitengeneza misalaba. Lakini kwenye saruji iliyobaki, ile ya kumwaga, msumari ulikuwa unaandika ma, me, mi, kisha anasawazisha kwa mwiko kabla mtu hajapita. Na kwa sababu sura zote alikuwa nazo tayari, alikimbia. Kila sauti ilipokuja ilikuta kiti chake kimeshawekwa. Siku moja wakiwa mezani mkewe akasema, "Leo tumefundishwa nya, hata nimesahau inaanza na nini." Fundi akajibu, "Na n," kisha akabaki na tonge mkononi. Mama Lusajo akainama kwenye kikombe chake cha maji, akanywa kwa muda mrefu sana kwa mtu asiye na kiu.

Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakachomwa. Jumapili moja baada ya ibada fundi hakwenda nyumbani. Alikwenda makaburini peke yake, akavua kofia, akakwangua ukungu kwa ukucha, akaanza.

T na U. Tu. Moyo ukaruka kwa furaha, maana Tupokigwe inaanza hivyo hasa. Akaendelea. N. Akasimama. N inatoka wapi kwenye Tupokigwe? Akarudi mwanzo, labda amekosea. Tu-nza. Tunza. Ka-di. Kadi. Hi-i.

Tunza kadi hii.

Na mstari mdogo wa chini, ule wa kijiji alikozaliwa mama yake. Uje nayo kila mara.

Ilikuwa kadi ya kliniki, ndugu zangu. Miaka kumi na moja mama yake alikuwa amelala chini ya maonyo ya kliniki, kwa herufi nzuri kuliko zote wilayani. Na sasa mmejua kwa nini siku ile ya kuusimika, fundi alipokwisha kutangulia nyumbani, mwinjilisti mmoja alisimama hapo akahubiri nusu saa nzima kwamba kadi ni roho na kuja nayo ni ufufuo. Jina lake silitaji, wala msinitazame hivyo.

Fundi hakucheka. Alikaa chini kwenye majani mabichi akalia kama alivyokuwa hajalia siku ya mazishi. "Mama, nisamehe," akasema. "Nimekuandika kadi."

Akaenda nyumbani akachukua nyundo. Mkewe akamkuta mlangoni.

"Nyundo ya nini Jumapili, Baba Lusajo?"

Akamwambia yote, amesimama, nyundo mkononi. Mama Lusajo alisikiliza mpaka mwisho.

"Niliusoma tangu mwezi wa tano," akasema.

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeuvunja siku hiyohiyo, halafu ungekuja kwangu na kipande cha karatasi, nikuandikie cha kunakili. Nilitaka mama umwandike wewe." Akamtazama. "Haya, vunja. Ukishavunja utaandika nini? Jina lake unaliweza?"

Fundi akafumba macho. Tu, alikuwa nayo. Po, alikuwa nayo. Ki, alikuwa nayo. Gwe. Akafungua macho. Gwe haikuwahi kuandikwa ubaoni. Wala mkewe hakuijua.

"Hatujafika huko," Mama Lusajo akasema. "Na mwalimu hataifundisha mpaka aulizwe. Dirisha haliulizi, mume wangu. Anayeuliza anapita mlangoni."

Mlango ule ulikuwa hatua saba kutoka kwenye kalibu zake. Nawaambia, mtu huyu aliyebeba mawe na nondo maisha yake yote hakuwahi kubeba kitu kizito kama hatua saba zile. Jumatano saa tisa na nusu alisimama mlangoni, kofia mkononi, saruji mpaka viwikoni. Mkamwana wake akageuka akatazama ubao, kama desturi ilivyo, na fundi naye akatazama ukuta.

Mmoja akasema, "Karibu Mwandishi! Umekuja kutukagua?"

"Nimekuja kusoma," fundi akauambia ukuta. "Mwandishi ni jina mlilonipa nyinyi. Mimi nilikuwa nanakili. Karatasi mkiniletea ya jina naandika jina, mkiniletea ya njiwa naandika njiwa. Naomba kuuliza swali. Gwe inaandikwaje?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu, bado amewapa mgongo, akainua chaki. Akaandika herufi tatu kubwa, polepole, akazisema mara mbili, na safari hii hakusema kuwa anarudia kwa walio mbali. Kisha akauambia ubao, "Baba, shikamoo. Karibu ukae. Benchi la dirishani tumekuwekea tangu mwezi wa pili."

Wiki ile fundi alimimina msalaba mpya. Ule wa zamani aliuvunja, vipande vyake akavichanganya kwenye msingi kama kokoto. Hakukuwa na karatasi juu ya jiwe, na kwa mara ya kwanza mkono wake ulikuwa hauna cha kufuata. Herufi zilipinda. G ilitoka na tumbo kubwa mno, na WE ikapanda juu kidogo. Watoto wa shule wangeandika vizuri zaidi. TUPOKIGWE BINTI MWAKITALIMA. Akautazama, akacheka peke yake, akasema huu ndio wa kwanza nilioandika.

Siku ya kuusimika aliwaambia watu wote ule wa zamani ulisema nini na ulitoka wapi. Wakaangua kicheko, na yeye akacheka nao, maana alikuwa hana tena cha kuficha. Mtu mmoja tu hakucheka. Ni yule mzee wa kanisa mwenye miwani.

Jumatano iliyofuata mzee huyo alionekana mlangoni mwa darasa. Akaivua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni. "Hii ni ya marehemu kaka yangu," akasema. "Nikiivaa sioni hata njia. Nilisema neno zito kwa sababu sikujua ni neno gani." Akaenda kuketi karibu na fundi, kwenye benchi la dirishani.

Haya. Sasa wapendwa, tuzungumze sisi kwa sisi.

Ni nani aliyemzuia fundi yule miaka ishirini na sita? Umri? Alipoamua, umri ulikaa pembeni. Macho? Aliona sisimizi. Kazi? Aliihamisha kwa mkokoteni. Tulimzuia sisi, na tulimzuia kwa kumsifu. Tulimpa jina kubwa, akaogopa kulivua. Tukamwona mkewe na daftari tukamwuliza, uzee huu? Tukaliita darasa jina la kuchekesha, halafu tunashangaa mabenchi yana nafasi.

Na pale kaburini hawakuwepo wasiojua kusoma peke yao. Walikuwepo walioelewa kila neno. Walisoma, wakaenda nyumbani, wakasimuliana wakati wa chakula, wakacheka mpaka wakapaliwa. Na kesho yake wakamsalimia kwa heshima, hujambo Mwandishi! Miaka kumi na moja. Walidhani huo ni ustaarabu. Mimi nauita uchoyo, na nausema nikijua ninavyousema, maana mahubiri ya nusu saa huwa na mwenyewe.

Mmoja tu kati ya waliojua alikuwa amefungwa mdomo kwelikweli. Desturi haikumruhusu kumtazama usoni, achilia mbali kumwambia baba mkwe wake kwamba hajui. Angeweza kusema, mimi nitafanya nini, mkwe ni mkwe. Hakusema hivyo. Alishika ubao kwa mikono miwili akauburuta, na shingo za darasa zima zikauma kwa ajili ya mtu mmoja aliyepiga goti nje.

Wewe unayejua kusoma, sitakuuliza umesoma mpaka wapi. Nakuuliza, ubao wako unaelekea wapi?

Na wewe mwenzangu ambaye kitabu cha nyimbo unakishika vizuri na nyimbo zote unaziimba kwa kichwa, sikutazami, ona, natazama ukuta. Darasa letu ni Jumatano, saa tisa. Kama mlango bado ni mzito, nyuma ya dirisha kuna mawe mawili ya kukalia, na kivuli kipo. Anza hapo. Hakuna atakayekuuliza kuku wako wamefanya nini. Lakini benchi lako lipo ndani, tumeshalifuta vumbi.

Tukimaliza wimbo wa mwisho, nawaomba wanaume wanne wenye nguvu wabaki nyuma. Tuna ubao wa kugeuza.